Radhi kwa Kipaza Sauti

Kahawa ilikuwa imeuzwa, na soko la Mbinga lilifurika watu wakigombea mitumba. Wendelin, mtafsiri wa kibanda cha video cha Mzee Masoudi, alikuwa akipita na kipaza sauti, akitangaza mkanda wa mwanamuziki wa roki aliyeharibiwa na pombe, akamkanyaga binti mwenye gauni la njano.

"Kaka, macho umeyasahau kibandani?"

"Ndiyo kwanza yamefika, dada. Yamekuona wewe."

Huyo alikuwa Notburga, fundi cherehani kutoka Liuli. Alicheka, na Wendelin akawa amekwisha. Wakapendana, na tangu hapo binti alikaa benchi la mbele kibandani, akimsikiliza mpenzi wake akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili kitamu.

Jumapili moja, mwanamuziki wa mkandani alivunja gitaa na kumfukuza mpenzi wake. Wendelin, kwa kutaka kuchekesha watu, akatamka: "Notburga, toka kwangu, nimekuchoka."

Kibanda kizima kiligeuka kumtazama binti, kikaangua kicheko. Notburga akajifunga khanga, akatoka. Kesho yake alipanda lori la Liuli.

"Ulikuwa utani," Wendelin alimfokea kila aliyemlaumu. "Siombi radhi kwa utani."

Lakini kila mkanda ulipofika pale pa kuvunja gitaa, alishusha kipaza sauti.

"Wewe," watazamaji walidai, "mwanamuziki mbona siku hizi bubu?"

Mwishowe kiburi kikamshinda uzito. Akambembeleza Mzee Masoudi, wakapakia jenereta na televisheni, wakateremka hadi Liuli. Mchana baada ya ibada, ukumbi wa kijiji ulijaa. Notburga alikaa na mama yake, Mama Kunigunda, uso ameukunja.

Mkandani, gitaa likainuliwa. Wendelin naye akainua kipaza sauti.

"Notburga, nilikufukuza mbele za watu, nakuomba radhi mbele za watu. Nilijiona mkubwa kwa sababu ya kipaza sauti. Nirudie, nikuoe."

"Mbona anaomba radhi huku anavunja gitaa?" mvuvi mmoja akauliza.

"Analivunja kwa majuto, baba."

Ukumbi ukacheka. Notburga akajizuia, akashindwa, akacheka naye.

"Mwambieni mwanamuziki wenu," alisema bila kugeuka, "kwetu mtu hajiposei. Atume mshenga. Na siku akija mwenyewe, kipaza sauti akiache Mbinga."

Wendelin akakizima. Mkanda ukaendelea kwa Kiingereza kitupu, wala hakuna aliyelalamika, kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama Mzee Masoudi, ambaye alikuwa ameshaweka kofia yake sawa na kusimama mbele ya Mama Kunigunda.

"Hodi, mama," alisema.