Kasha la Kibodi ya Mama

Kila siku akitoka shule, Milimita hupitia karakana ya mjomba wake, fundi wa kompyuta. Huvua viatu, hufagia vipande vya waya chini ya meza, kisha hujibanza kwenye kona yake na kuanza kazi. Jina hilo alipewa na mjomba huyo huyo, siku alipomkuta anakata mkate kwa kupima na rula.

Mwezi huo alikuwa na kazi moja tu kichwani. Mama yake alikuwa mchapaji ofisini, na kibodi yake ilikuwa nene, imeinuka juu ya meza. Kutwa nzima mikono ilikaa imepinda, jioni ikavimba. Daktari alisema hali ikiendelea hivyo, mama itabidi aache kuchapa.

"Nitamtengenezea ya chini," Milimita alisema kwa sauti ndogo.

Mjomba alimpa bodi ya umeme, bamba la chuma lenye matundu, na mfuko wa swichi, vile visanduku vidogo vinavyokaa chini ya kila herufi. "Kasha la mbao ni lako," akamwambia. "Ukiliinua sana, dada yangu ataumia vilevile. Ukilishusha mno, vitu havitaingia. Chora kwanza."

Alichora, akafuta, akachora tena. Swichi nazo alizibana moja moja kwenye bamba, kila moja ikalia ta! Akazichomelea kwenye bodi huku mjomba akimwangalia. Kasha likatoka zuri, jembamba, laini kama limelambwa.

Ijumaa alipoiweka bodi ndani, ilicheza kama meza yenye mguu mfupi. Akakaza skrubu kwa nguvu zote. Ikatulia, ila alipoiunganisha na kompyuta na kujaribu, herufi N ikagoma.

"Haina neno," alicheka dada yake mkubwa, aliyekuja kutazama. "Barua za mama zitaanza na 'Mpedwa'!"

Milimita alitazama saa ukutani. Mama alikuwa anakuja saa kumi na moja.

"Mjomba, swichi hii mbovu," alisema haraka.

Mjomba akafungua skrubu, akaitoa bodi, akabonyeza. N ikaandika. Akabonyeza tena. Ikaandika. Akamtazama Milimita.

Milimita aligeuza bodi. Chini yake, miguu midogo ya shaba ya kila swichi ilikuwa imechomoza. Uso ukamchoma.

"Si swichi, mjomba. Ni mimi. Nilipima juu tu, miguu sikuipima. Inakaa juu ya sakafu ya kasha, na nilipokaza skrubu bodi ikapinda."

"Kwa kiasi gani?"

Akapima. "Milimita mbili."

"Hapo tunaongea. Sasa utafanyaje? Tuliinue kasha?"

"Hapana! Mikono ya mama itapinda tena. Sakafu yake ni nene, nitaichimba."

Mama alipofika, Milimita alimwambia mwenyewe, macho chini, "Mama, bado siku mbili. Nilikosea vipimo."

"Nimengoja mwezi mzima, mwanangu. Siku mbili zitanishinda?"

Jumamosi yote alichimba kwa patasi, kidogo kidogo, akipuliza vumbi na kupima, mpaka vidole vikafa ganzi. Jumapili bodi iliingia na kutulia bila kulazimishwa.

Mama akaketi. Mikono yake ilinyooka juu ya meza. Akachapa, vidole vikakimbia kama mvua juu ya bati, na kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maneno: Kibodi hii imetengenezwa na binti yangu.

"Soma kwa sauti," mama alisema.

Milimita, ambaye darasani hata jina lake hulitaja kwa kunong'ona, alisoma mpaka jirani akachungulia mlangoni.

Mjomba akamshika bega. "Kukosea vipimo, hata mimi hukosea. Lakini ungeendelea kuisingizia ile swichi, tungebadilisha swichi mpaka kesho na kosa lingebaki palepale. Uliposema 'ni mimi', ndipo kazi ilipoanza kutengenezeka. Fanya hivyo hivyo shuleni, nyumbani, popote."

"Ndiyo, mjomba," alisema Milimita, na safari hii hakuangalia chini.