Sauti ya Tatu Kwenye Diski

Nyuma ya jalada waliandika sauti mbili: ya filamu yenyewe, na ya mwongozaji akieleza alivyoitengeneza. Kwenye runinga zikatokea tatu. Ya tatu haikuwa na maelezo, namba tu.

Fundi hakushtuka. Aliona ni uzembe wa kiwandani, na uzembe wa viwandani anaujua. Amezeekea kwenye kiwanda cha suti za wanaanga, na aliowahi kugombana nao kwa uzembe hawana idadi.

Diski aliletewa mkewe kwa heshima, ndani ya boksi lenye utepe, kabla haijafika madukani. Ilikuwa filamu ya mkasa wa kweli: watu watano walikwenda anga za juu, chombo kikatoboka, hewa ikawaishia kidogo kidogo. Mmoja wao alikuwa mume wa kwanza wa mke wa Fundi. Na suti yake aliipima Fundi mwenyewe. Alimjua marehemu kwa futi: kifua, kwapa, mguu wa kushoto uliozidi wa kulia kwa nusu sentimita. Miaka mitatu baada ya msiba alimwoa mjane, kwa halali, mbele ya watu, na hakuwahi kumwonea gere mtu aliyekufa. Mpaka filamu hii.

Maana kwenye filamu marehemu alikuwa mzuri. Mrefu, meno meupe, sauti nzito tamu. Na mwishoni, imebaki hewa ya dakika nne, anamuaga mkewe kwa maneno ambayo Fundi, hata apewe mwaka mzima na kalamu, asingeyapata. Mkewe ameshaitazama mara tano tangu siku ilipoletwa, na kila ikifika hapo anafunika mdomo kwa kiganja.

"Mishono ya suti ile, hata begi la shule halishonwi hivyo," Fundi alisema.

"Nyamaza nisikie."

"Umeshasikia. Anakufa."

"Una roho ngumu wewe!"

"Na huyo mwigizaji ana mabega ya kuazima."

Mkewe hakucheka. Alirudisha nyuma, akaanza tena pale pale.

Siku ya pili mkewe akiwa zamu zahanati, Fundi akabonyeza namba tatu. Picha zikaja. Sauti za filamu zikashuka, na juu yake mtu akaanza kupumua, pumzi za ndani ya kofia ya anga, nzito, zinazorudi kwa mwenyewe. Kisha akasema, "Hapo hatukuwa tunacheka. Hapo tulikuwa tunagombana."

Sauti ile aliijua. Ya puani, yenye kukwaruza, ya mtu aliyemwambia mara mia, "Fundi, kwapani panabana."

Alipaswa kukimbia. Lakini sauti ikaendelea, "Na huyu aliyejivika suti yangu ni nani? Kwa nini mke wangu anamlilia?" na Fundi, Mungu amsamehe, akacheka. Kumbe na marehemu ana wivu! Kesho yake akatoka kazini mapema. Kesho kutwa akaaga kuwa anaumwa. Wakakaa wanaume wawili mchana kweupe wanamteta wa tatu: nywele zake, viganja vyake laini, machozi yake ya kitoto.

"Na ule mshono wa begani!" Fundi akadakia.

"Huo usiseme," sauti ikajibu.

Ikajibu. Siku zote ilikuwa ikisema tu, kama rekodi. Harufu ya waya zilizoungua na jasho lililolala ndani ya mpira ikajaa sebuleni, na sauti ikashuka, ikawa ya kunong'ona. "Yale maneno ya mwisho hayakuwa yangu. Sikumtaja mke wangu. Nilimtaja mwanamke mwingine, mpaka pumzi ikakatika. Mwambie." Fundi akazima runinga, pumzi zikaendelea, akachomoa waya ukutani, zikaendelea, akaganda na plagi mkononi akiutazama mto wa kochi, upande ule anaopenda kukaa mkewe, ukididimia taratibu kama mtu anavyojikalisha asimsumbue mwenye nyumba, na zile pumzi zikahama kwenye runinga zikaja kukaa pale.

Alitoka mbio miguu mitupu hadi kwa bibi anayetoa majini, mtaa wa pili.

"Marehemu wako amekwenda zake," bibi alisema baada ya kumsikiliza. "Huyo ni jini aliyezaliwa naye. Mwenyewe hakuzikwa popote, basi jini amebaki hana pa kwenda."

"Anataka nini kwangu, bibi?"

"Kinywa. Yeye hana. Sasa nisikilize, maana uso wako ni wa mtu mwenye hasira za haraka. Hiyo diski ivunje. Na aliyokuambia yafie kwako. Ukimpelekea mkeo hata neno moja, kinywa umeshampa."

"Hilo tu?"

"Wewe unaliona dogo?"

Fundi akairudia diski, akaivunja vipande vinne, akafungua madirisha. Harufu ikatoka. Kochi likatulia. Akakaa, kwa mara ya kwanza wiki ile moyo ukampoa.

Mkewe akarudi jioni, viatu mkononi, akaviona vipande mezani.

"Umefanya nini?"

"Ilikuwa mbovu."

"Ilikuwa mbovu!" Machozi yakamtoka. "Umeshindwa kuwa kama yeye hata siku moja, ukaona umvunje?"

Hapo Fundi akapandwa na mori. Alimkumbuka bibi, hakika alimkumbuka. Lakini alikuwa mtu wa kusema wazi, maisha yake yote akijisifu hivyo, na neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, tamu.

"Unamlilia mtu ambaye hakukutaja!" akafoka. "Alikuwa anakata roho anamwita mwanamke mwingine, mpaka pumzi ya..."

Maneno mawili ya mwisho yalitokea puani, yakikwaruza.

Viatu vikamdondoka mkewe. Fundi akajaribu kumwambia akimbie, midomo haikumtii. Lakini hata mkewe hakukimbia. Alisogea. Aliweka kiganja kwenye shavu la Fundi, polepole, mguso ambao kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kumpa.

"Sema tena," akanong'ona. "Hata kama ni kumtaja huyo mwanamke. Wewe sema tu."

Mdomo ukafunguka, ukaanza kusema. Na Fundi akabaki huko ndani, nyuma ya meno yake mwenyewe, akipiga kelele zisizopata hewa, akiutazama mkono wa mkewe ukimpapasa mume wake wa kwanza.