Waya wa Elinaza

Haya yalimpata rafiki yangu Anande. Baada ya kumzika mumewe Elinaza, aliamua kuliuza gari lao dogo la umeme na petroli, akapanda kijijini Nkoaranga kwa mama mkwe kufuata waya wa kuchajia ambao Elinaza aliuacha huko. Chaji ilikuwa imeisha, hivyo injini ilinguruma mlima mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona leo lina kelele? Elinaza akija nalo jioni huwa kimya kabisa."

Anande alishuka garini kuufuata waya. Umeme ulikuwa umekatika kijiji kizima tangu asubuhi na usiku ulishaingia, akapapasa gizani hadi nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la Elinaza. Waya ulikuwa umechomekwa ukutani, ncha ya pili imelala kwenye majani ya migomba.

"Uache kwanza, mwanangu," mama aliita. "Bado anachaji."

Anande akaushika. Ulikuwa wa moto.