Kadi Haikubaliwi

Garama alikimbia kama mtu aliyekwisha jua kwamba hafiki mbali.

Maji yalikuwa yamejaa Shelly Beach. Watalii waliolala mbele ya hoteli waliinua vichwa kumtazama mwanamke aliyevaa buibui akipita mbio, bastola mkononi.

Mwanarusi Mwidani hakuwajali.

"Garama! Simama!"

Hakusimama.

Akakunja kwenye miamba, akateleza, akaanguka kwa magoti. Mwanarusi alipomfikia alimkuta akifungua mgongo wa simu yake, Motorola nyeusi ya kukunja. Ulikuwa mwaka 1999, na simu ya mkononi pwani ilikuwa bado kitu cha kusimamisha watu barabarani. Garama akachomoa kadi, akaitia kinywani, akaitafuna.

"Iteme!"

Akaimeza.

Kisha akafanya jambo ambalo Mwanarusi hakulitarajia. Akamnyooshea simu.

"Ndani ya kadi mlikuwa na majina ya ndugu zangu," akasema akihema. "Hao siwatoi. Lakini mkubwa aliyetuingiza katika kazi hii, huyo nimemrekodi. Nilijua iko siku atanigeuka. Sauti yake imo humu."

"Mkubwa gani? Nani?"

Mlio mmoja.

Garama akalala kifudifudi majini.

Juu ya ngazi za mawe alisimama Yeslam Mahfudh, Browning yake ikitoa moshi. Alishuka taratibu, rangi imemtoka.

"Nimeona mkono wake unakuja kwako," alisema. "Nikajua silaha."

"Alikuwa ananipa simu, Yeslam."

"Wallahi sikuona. Lakini ni bora nimkosee yeye kuliko nikuzike wewe."

Mwanarusi alimwamini. Angewezaje kutomwamini? Idara ya usalama iliwaunganisha wangali vijana, yeye binti wa wakulima wa Likoni, Yeslam mtoto wa wafanyabiashara wa Kisauni. Mumewe Mwanarusi alipofariki, Yeslam ndiye aliyeshika mbele ya jeneza. Mama yake Yeslam, Bi Sheikha, alimwita Mwanarusi mwanangu, na hakuwa anatania.

Redio ikakwaruza. Gershom, mkuu wao.

"Mmempata?"

"Amekufa," Mwanarusi akajibu. "Simu tunayo. Ndani yake mna sauti ya mkubwa wao."



"Basi ifungueni. Bunduki zimeshateremshwa bandarini, zimefichwa ndani ya masanduku ya vigae. Zimelazwa wapi, hatujui. Kuna wageni ng'ambo wanaotaka kuiona pwani hii inaungua, na zikishagawanywa hatutazikusanya tena. Mwisho."

Jioni ile ile Gershom alitoa kadi ya akiba ya kampuni ya hapa nchini. Mwanarusi akaipachika, akabonyeza kitufe.

Kadi haikubaliwi.

Simu ilikuwa imefungwa. Garama aliinunua Maskati kwa kampuni iitwayo Zafra, nayo Zafra haikutaka mteja wake ahamie kwingine. Haikubali kadi ila ya Zafra, mpaka utiwe msimbo wa kufungulia. Bila msimbo haikupi chochote, si majina, si rekoda. Na ukikosea msimbo mara tano, inajifunga milele.

"Zafra niachieni mimi," Yeslam alisema. "Maskati nina ukoo mzima."

Gershom akapeleka faksi ya idara iliyotaja jina la Yeslam kuwa ndiye mpokeaji wa majibu. Wakangoja.

Jumanne, Yeslam alitikisa kichwa. "Wamekataa. Wanasema mpaka mwenye simu aje mwenyewe."

"Mwenye simu yuko mochari."

"Nimewaambia. Wanataka amri ya mahakama ya kwao."

Jumatano alikuja na misimbo kadhaa iliyokisiwa na fundi mmoja wa Ziwa la Ng'ombe. Akautia wa kwanza. Haukukubali. Akautia wa pili, upesi upesi, kisha wa tatu, kisha wa nne, kabla Mwanarusi hajamshika kifundo cha mkono.

"Unafanya nini? Imebaki mara moja!"

"Samahani, dada. Nilikuwa na uhakika." Akafuta jasho. "Nipe basi nimpelekee fundi mwenyewe."

Mwanarusi aliitia simu mkobani.

"Hapana. Italala kwangu."

Hakujua kwa nini alisema vile. Kitu kidogo kilikuwa kimemchoma, akakifukuza, akajiona mwenye roho mbaya.

Ijumaa kabla ya adhuhuri alikwenda Mtopanga, kwenye duka lenye simu ya kupigia ng'ambo. Aliona hana cha kupoteza. Atawaomba Zafra yeye mwenyewe, atalia ikibidi. Akafungua mgongo wa Motorola apate kusoma namba yake ya kiwandani, akapiga.

Aliyepokea alizungumza Kiarabu, akasikia lafudhi ya Mwanarusi, akageukia Kiswahili. Jina lake Kuluthum. Mamake alizaliwa Unguja.

"Shikamoo dada, nikusaidie nini?"

Mwanarusi akajitambulisha, akataja namba ya faksi ya idara, akasoma namba ya simu.

"Najua mmetukatalia," alisema. "Nakuomba tu unisikilize. Watu watakufa."

"Tumewakatalia?" Kuluthum alishangaa. "Dada, hiyo tuliifungua. Subiri... ndiyo. Jumanne. Aliupokea msimbo bwana mmoja, Yeslam Mahfudh. Nilizungumza naye mimi. Mcheshi sana! Akanishukuru, akasema simu imefunguka."

Mwanarusi aliegemea ukuta wa duka.

"Dada? Umekatika?"

"Nipo."

"Mnautaka tena?"

"Nisomee polepole, mwanangu."

Aliuandika msimbo kiganjani. Alipotoka nje jua lilimpiga usoni. Akajiambia kuna kosa. Akajiambia Yeslam aliunukuu vibaya. Yote mawili aliyataka sana yawe kweli.

Akaketi ndani ya Land Rover yake, akafunga vioo, akautia msimbo tarakimu baada ya tarakimu. Mara ya mwisho.

Akabonyeza.

Kioo kikawaka kijani. Simu ikakubali kadi.

Akatafuta rekoda. Akaiweka sikioni.

Kwanza sauti ya Garama: "Mzigo uko wapi sasa?"

Kisha nyingine, tulivu, ya mtu anayekunywa kahawa.

"Changamwe. Bohari la vigae karibu na reli. Malori yatatoka Ijumaa, watu wakiwa msikitini."

"Na yule mwanamke wenu? Ananifuata kila mahali."

"Mwanarusi? Huyo asikutie hofu." Kicheko kidogo. "Ananiamini kuliko anavyojiamini mwenyewe. Akikaribia sana, nitamwondoa mimi."

Mwanarusi aliisikiliza tena. Mlio wa Shelly Beach ukamrudia, na safari hii aliusikia ulivyokuwa. Yeslam aliona vizuri. Aliona simu.

Hakulia. Akaizima rekoda.

Muadhini alikuwa anaadhini.

Ijumaa. Leo.

Mkono ukaenda kwenye redio, ukasita. Redio Yeslam anaisikia. Akapiga kwa ile Motorola.

"Gershom hapa."

"Mzee, ni mimi. Usitumie redio. Bohari la vigae, Changamwe, karibu na reli. Malori yanatoka sasa hivi."

"Umejuaje?"

"Simu imefunguka. Mtu wao ni Yeslam."

Akamsikia Gershom akiwaita askari.

"Usiingie peke yako," akamwambia.

"Nitaziba lango tu."

Akakata.

Land Rover ikapita daraja la Nyali, ikavuka Makupa, ikapanda Changamwe. Barabara zilikuwa nyeupe, maduka yamefungwa. Mitambo ya mafuta ikapita kushoto, kisha reli, kisha ukuta mrefu wa mabati.

Lango lilikuwa wazi. Lori la kwanza, Isuzu, lilikuwa linatoka.

Mwanarusi hakukanyaga breki.

Vyuma viligongana kwa kishindo. Isuzu ikapinda, ikakwama kati ya nguzo za lango. Masanduku yakaporomoka. Vigae vikapasuka chini, na katikati ya vigae vikatoka vitako vya bunduki vilivyopakwa grisi.

Dereva akaruka, akakimbilia reli. Wapakizi wakatawanyika kama kuku.

Mwanarusi akatoka, damu ikimchirizika nyusini, Beretta mbele.

"Toka, Yeslam. Najua umo."

Alitoka nyuma ya lori akiwa na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Browning aliishika chini, ubavuni.

"Umefunguaje?" aliuliza. Ndilo lililomjia kwanza.

"Kuluthum anakusalimu. Anasema wewe mcheshi."

Yeslam akafumba macho, akayafumbua.

"Mwanarusi, nisikilize. Nimeitumikia nchi hii tangu ndevu hazijaota. Kila ninapotaka pasi ya kusafiria, mtoto aliyekuja pwani jana ananiuliza babu yangu alizaliwa wapi. Kila cheo, nipe karatasi za babu. Mimi! Hawakunikubali hata siku moja."

"Mimi nilikukubali."

Yeslam akainamisha macho.

"Nilikuweka mahali pa ndugu," alisema Mwanarusi. "Na wewe ukamwambia Garama utaniondoa."

"Yalikuwa maneno tu. Wallahi, yalikuwa maneno. Nisingeweza."

"Iweke chini bastola, basi."

Upepo ukapeperusha kanzu yake. Alitazama bunduki zilizotapakaa, akatazama barabara ambako ving'ora vilianza kusikika. Kisha akamtazama yeye, na Mwanarusi, aliyemjua kuliko mtu yeyote duniani, akaona jicho lake limeamua.

Mkono wa Yeslam ukapanda.

Milio miwili.

Risasi ya Yeslam ilitoboa kioo cha Land Rover, pale kichwa cha Mwanarusi kilipokuwa punde tu. Ya Mwanarusi ilimvunja bega. Browning ikaruka, ikaangukia vigaeni. Mwanarusi akaipiga teke mbali, akamfunga pingu huku akimkandamizia jeraha kwa kitambaa cha buibui lake asije akafa.

"Mama amepika," Yeslam alinong'ona. Meno yalikuwa yanagongana. "Anatungoja sote. Usimwambie. Sema nimesafiri."

Mwanarusi alikaza fundo.

Askari wakajaa uani. Gershom akashuka garini, akahesabu kwa macho masanduku, malori, mtu wake mwenyewe aliyelazwa chini. Akaonekana amezeeka.

"Yote yamo?"

"Hakuna lori lililotoka."

"Simu?"

Akamkabidhi Motorola ikiwa imefunguka.

"Sikiliza mwenyewe. Mimi nimesikia mara mbili, inatosha."

"Nyusi inavuja. Panda gari, upelekwe hospitali."

"Baadaye, mzee."

Akapangusa uso kwa ncha ya mtandio, akauweka sawa kichwani, akachomeka Beretta mahali pake. Watu walikuwa wanatoka msikitini, makundi makundi, wakipeana mikono. Akapita katikati yao bila haraka, akaitikia salamu, akasimamisha teksi.

"Wapi, mama?"

"Kisauni," alisema. "Kwa Bi Sheikha. Nenda taratibu."