Mtu wa Tano

Kila adhuhuri Baba, mwenye nyumba, alileta mikate kumi na saba. Madam, mkewe, aliigawa mwenyewe: mitatu kwa kila mtu wa nyumba, miwili ya njiwa wa darini. Haukubaki hata mmoja. Risper, mfanyakazi mpya wa nyumba hiyo ya mtaa wa Al-Suwaidi, hakuitilia maanani mikate. Kilichomnyima raha ni chumba cha juu.

Kilifungwa siku zote. Watu aliowajua ni Baba, Madam, mtoto Sara na yeye mwenyewe. Lakini hata wote walipokuwa chini, juu zilisikika nyayo zikiburutwa. Maji yalifunguliwa, yakafungwa. Mtu akakohoa. Hakuna aliyeinua macho.

Siku moja alikuwa akifagia mbele ya mlango huo. Kitasa kikazunguka. Risper akatupa ufagio, akakimbilia darini, juu ya paa.

Jerusha, Mkenya mwenzake wa nyumba ya pili, alikuwa akianika nguo ng'ambo ya ukuta mfupi.

"Mimi natoroka," Risper alisema. "Humu mna jini!"

"Ukitoroka, kafili, huyo bosi aliyekudhamini, anakuripoti. Ikama, kibali chako cha kuishi hapa, halas, imekwisha! Utaishi kwa kujificha kama panya. Kwani mko wangapi humo?"

"Wanne. Mikate yetu ni kumi na saba. Huyo jini sijui anakula nini."

"Ngoja. Mnagawana vipi?"

Risper akamweleza. Jerusha akaandika kwa kidole kwenye vumbi la ukuta.

"Idadi ya watu tuiite W. Kila mtu mitatu, basi ni tatu mara W. Ongeza miwili ya njiwa."

3W + 2 = 17

"Alama ya sawa ni kama mizani. Ukipunguza huku, punguza na kule. Toa mbili."

3W = 15

"Sasa gawa kwa tatu, huku na huku."

W = 5

Nywele zilimsimama Risper. "Umekosea. Rudia!"

"Tuhakikishe. Tatu mara tano, kumi na tano. Jumlisha mbili, kumi na saba. Mko watano, dada. Na ni jini gani hununuliwa mkate na bosi? Nenda ukaulize."

Risper alishuka. "Madam, juu kuna nani?"

Madam alishangaa. "Hukuambiwa? Ni mama yake Baba, kutoka Jeddah. Mumewe amefariki, yuko eda, hatoki mpaka siku zake ziishe. Chakula nampelekea mimi."

"Leo nipeleke mimi?"

Madam akampa sinia. Risper akabisha hodi. Kitasa kikazunguka polepole. Bibi mmoja mdogo wa umbo akafungua, akaketi, kisha akapigapiga zulia kwa kiganja.

"Yalla, kaa. Kula peke yangu nimechoka."

Risper akakaa. Tangu siku hiyo, sinia la juu lilipanda na mikate sita: mitatu ya Bibi, mitatu ya Risper.