Maji ya Mlango wa Chini

Aliyegundua uhalifu ule alikuwa mwenyewe anavunja sheria. Fundi mwashi mmoja, ambaye mji mzima ulimwita Chura kwa kuwa alikuwa haambiliki kuhusu kuogelea, alijitosa alfajiri kwenye bwawa la maji ya kunywa, mbele kabisa ya kibao cha kukataza, akaibuka na kichwa kinachonuka dizeli. Angeweza kwenda kwake, akajioshe na kunyamaza. Badala yake alimgongea mlinzi wa bwawa, akakiri kosa lake ili aripoti la mwenzake.

Simu ilimkuta Inspekta jikoni kwake, ameshaonja chai na kuikunjia uso. Ilinuka tope. Alidhani birika halikuoshwa, akamlaumu mumewe kimoyomoyo, akaiacha chai mezani na kutoka.

Bwawa lilikuwa juu ya mji, katikati ya vilima vilivyokatazwa jembe, shoka na mifugo, maana kila tone la mvua lililoangukia huko liliishia kwenye bomba la mtu. Upande mmoja tu ndio uliofunguliwa kwa wageni: ufukwe wa majani, meza za mbao, choo kilichojengwa mbali na maji, na banda la boti za kukodi. Makasia ruksa. Injini, mbwa, sabuni na kuogelea marufuku. Kila Jumapili watu waliobanana vyumbani walipanda huko kunyoosha miguu, kwa sababu mahali pengine pa kukaa bure, mbele ya kitu kizuri, mji ule haukuwa napo. Na mchana wa siku hii ya dizeli bodi ya maji ilikuwa ikutane kuamua kama ufukwe ufungwe moja kwa moja.

Mafuta yalikuwa yametanda kwenye kihori, kijighuba kilichokuwa mbele ya banda. Ndani ya banda, chini ya turubai, mlinzi alikuwa ameshakuta dumu tupu la dizeli. Lilikuwa la stoo ya boti ya doria, boti pekee yenye injini pale bwawani. Ufunguo wa stoo, alisema huku akijikuna shingo, alikuwa nao yeye na Mhandisi wa bwawa, lakini mara nyingi mlango ulisahauliwa wazi.

Mwenye banda aliitwa Mama Kasia. Alikuwa mjane mwenye mikono ya mpagazi, na wiki iliyopita aliwaambia bodi hadharani kwamba wakitaka kumtoa ufukweni waje na jeneza. Inspekta alimkuta amekaa juu ya boti iliyofudikizwa, hajalia wala hajakimbia.

"Dumu ni lako, mama?"

"Boti zangu zinakunywa jasho, mwanangu. Dizeli niipeleke wapi?"

"Inasemekana ulitaka kuwakomoa bodi."

"Nataka, na nitawakomoa. Lakini maji haya ndiyo nawapikia wajukuu zangu. Nani anatemea mate chungu anachopikia?" Alinyoosha mikono mbele. "Nifunge kama umetumwa kunifunga. Ila sitashuka mjini nimeinamisha kichwa."

Inspekta hakumfunga. Alimwomba tu wafuatane baadaye hadi kituoni. Chura naye alihojiwa, kwani alikuwa ameshatozwa faini mara nyingi na alikuwa na kila sababu ya kuichukia mamlaka ya maji. Lakini hata mjinga hamwagi mafuta jioni akajitumbukiza humo asubuhi. Inspekta alimpa taulo na kumwambia asiende mbali.

Kisha alivuka daraja jembamba hadi kwenye mnara uliosimama majini, ambako Mhandisi alikuwa akimsubiri. Alikuwa mtu mkavu, nadhifu, na ufunguo wa mnara ulining'inia shingoni mwake kwa kamba. Haukuwa na pacha, alisema, na wala hakuuvua hata akilala. Akamwonyesha magurudumu mawili ya chuma yaliyofungua milango ya kuingizia maji. Mlango wa juu ulichukua maji mepesi ya karibu na uso wa bwawa, na huo ndio uliotumika siku zote. Wa chini ulichukua maji ya kilindini.

"Mlinzi aliponipigia simu alfajiri," alieleza, "nilikuja mbio nikafunga wa juu, nikafungua wa chini. Mafuta huelea, Inspekta. Chini hayafiki."

"Kwa hiyo mji uko salama?"

"Salama kabisa. Maji ya kule chini yananuka tope kidogo hata baada ya kusafishwa, basi kesho mtalalamika. Lalamikeni, lakini mtakuwa wazima."

"Kwa nini kesho?"

"Yakitoka hapa yanapita kwenye machujio, matangi, mabomba. Yanalala njiani usiku mzima. Chai uliyokunywa leo ni maji ya jana." Alitazama ufukweni kwa uchungu ambao haukuwa wa kuigiza. "Watu wote hawa wanakunywa hapa, halafu wengine wanakuja kuchovya miguu. Leo labda bodi watanielewa."

Inspekta alimshukuru na kurudi mjini na Mama Kasia. Mkuu wa kituo hakutaka kusikia hadithi ndefu. Dumu limekutwa bandani kwa mama, mama ametoa vitisho mbele ya watu, kuna nini tena? Alitaka afunguliwe kesi kabla bodi haijaketi. Alisema hayo huku akinyanyua kikombe chake, akanywa funda moja, akakisukuma kando.

"Nani amechemsha chai kwa maji ya dimbwi?" aliuliza.

Inspekta alikitazama kile kikombe. Alikumbuka chai aliyoiacha mezani kwake, na mume wake aliyelaumiwa bure.

"Mkuu, huyu mama simfungi," alisema.

"Hiyo ni amri."

"Basi andika wewe hati ya mashtaka, uitie sahihi yako, na kesho usimame wewe mahakamani kuieleza. Mimi naenda nyumbani kuchukua birika lenye maji yaliyobaki."

Mkuu hakuandika. Watu wanaopenda kuamrisha hawapendi kutia sahihi.

Bodi ilikutana katika ofisi ya bwawa, dirisha likitazama kihori. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kusoma pendekezo la kufunga ufukwe Inspekta alipoingia na birika mkononi, Mama Kasia kando yake, mikono huru. Mlinzi na Chura walisimama mlangoni. Mwenyekiti aliuliza kama ni saa ya chai. Inspekta alijibu kuwa chai haitanyweka, akamimina maji kwenye glasi na kuiweka mbele ya Mhandisi.

"Nisaidie kuonja. Haya ni maji ya mlango gani?"

Mhandisi alinusa, akachukua funda dogo, akalizungusha mdomoni taratibu. Uso wake ulilegea, kama wa fundi aliyeulizwa jambo la ufundi wake.

"Wa chini," alisema.

"Una uhakika?"

"Mimi sikosei maji."

"Nami nakuamini. Haya niliyakinga kwenye bomba la jikoni kwangu leo alfajiri, kabla mlinzi hajakupigia simu. Ulisema yanalala njiani usiku mzima. Basi mlango wa chini ulifunguliwa jana, na mafuta yameonekana leo. Nani alijua jana kwamba leo uso wa bwawa utakuwa na mafuta?"

Mhandisi alishika ufunguo kifuani. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ingeweza kurefuka kidogo kama angesema tu kwamba maji yale ni ya juu. Angeweza kuwadanganya polisi na bodi. Kudanganya kuhusu maji kulimshinda.

"Ndiyo, ni mimi," alisema, na hakushusha macho. "Sioni haya. Miaka yote nawaambia: leo makasia, kesho injini, keshokutwa hoteli na mifereji yake ya kinyesi. Mlinisikiliza? Nilitaka mwone kwa macho yenu. Na hakuna tone la mafuta lililoingia bombani. Hakuna hata mtoto mmoja aliyeumwa tumbo."

"Na mimi je?" aliuliza Mama Kasia. "Dumu umelificha bandani kwangu."

"Wewe ungefungwa, ukatoka. Bwawa likioza halirudi."

Mama Kasia alisogea hadi mezani.

"Ulifunga mlango wa juu kwa ajili ya watu," alisema. "Watu wenyewe ni sisi. Ukishatufukuza wote huku juu, siku wenye injini na hoteli wakija, nani atapiga kelele? Mafuta yako yenyewe aliyeyaona nani? Bodi? Ni Chura, na kosa lake la kuogelea."

Mhandisi alivua kamba shingoni na kumkabidhi Inspekta ufunguo.

"Mlango wa juu usifunguliwe mpaka kihori kisafishwe chote," alisema. "Na lazima mtu ayaonje kila asubuhi. Kesho atayaonja nani?"

Mama Kasia alichukua ile glasi, akanywa yaliyobaki yote, na harufu yake ya tope, akaifudikiza mezani.

"Sisi tunaoyanywa," alisema. "Nyie pigeni kura yenu. Mimi nashuka kuzoa mafuta, na nikimaliza nafungua banda."