Mnyanyuzi wa Bibi Kalunde

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mnyanyuzi alipitisha mikono yake ya mpira chini ya mgongo wa Bibi Kalunde. Vihisi vya viganjani vikapima uzito na mapigo ya moyo, kisha roboti akamwinua ajuza taratibu, kama mtu anayeopoa andazi lisiloiva sawasawa.

“Shikamoo, bibi,” alisema Mnyanyuzi.

“Marahaba, bati.”

Hapo hapo kiwiko kikakoroma, roboti akaganda, na bibi akabaki nusu amelala, nusu ameketi.

Nyamizi, aliyemuunda, alijishika kichwa. Hiyo ilikuwa mara ya kumi na tisa ndani ya mwezi mmoja! Katika Tabora ya mwaka 2088, chuo hakikumpa uzamivu mhandisi anayejua mashine peke yake. Kila mwanafunzi alisoma pamoja na wauguzi, wanasheria na wanasosholojia, kisha akaishi miezi mitatu na mtu atakayetumia roboti wake. Nyamizi alipenda gia. Watu walimuumiza kichwa. Na roboti anayeganda kila kukicha angemrudisha nyumbani kwao mikono mitupu.

“Hodi! Bati limekufa tena?” Jirani, Mama Ndimila, alikuwa ameshaingia. Akamnyanyua bibi, akabandika chai, akaanza habari za harusi iliyovunjika kwa sababu ya pilau. Bibi alicheka hadi machozi. Nyamizi hakusikia neno. Alikuwa anafungua kiwiko kwa bisibisi.

Ndani alikuta uji wa ulezi, umekauka kama saruji.

Jirani alipoondoka, Nyamizi alifungua kumbukumbu ya jicho la roboti. Alimwona Bibi Kalunde jioni iliyopita, kijiko mkononi, akibembeleza: “Kunywa, baba. Fungua kiwiko. Haya, kimoja tu cha mwisho.”

“Bibi! Unamlisha uji?”

“Nilimwona amekonda.”

“Bibi, mimi nitafeli!”

Ajuza aliacha kutabasamu. “Mjukuu wangu, Ndimila alikuwa anakuja kuniinua kila asubuhi. Ulipoleta bati akasema, sasa bibi ana mtu. Siku nne hakuna aliyebisha hodi. Siku ya tano uji ukabaki sufuriani, nikampa bati. Akaganda, na Ndimila akarudi.”

Nyamizi alikuwa na mchoro wa kifuniko cha kuziba kiwiko. Kazi ya saa moja tu. Aliutazama mchoro, akamtazama bibi, akaukunja. Kwa wiki tatu alibadilisha akili ya roboti badala ya kiwiko.

Siku ya kutetea tasnifu, jopo la watahini wanne lilimsikiliza. Mwenyekiti, Dakta Mghanga, mhandisi asiyejua mzaha, alisoma maelezo mara mbili.

“Hapa umeandika kwamba roboti hainui mpaka binadamu aje amshike bibi mkono?”

“Ndiyo, mheshimiwa. Hatari ikitokea, anainua peke yake. Vinginevyo anangoja. Mtu akichelewa, roboti anatoka kwenda kumbishia jirani hodi.”

“Na jirani asipofungua?”

“Anabisha tena. Juzi Mama Ndimila alitoka na mwiko.”

Muuguzi wa jopo aliangua kicheko. Dakta Mghanga hakucheka.

“Binti, umechukua mashine inayoweza kazi ukaifundisha kushindwa. Huo ni uhandisi gani?”

Nyamizi alieleza yote: zile siku nne za kimya, kijiko, uji. Hakuficha kitu. “Niliunda mashine ya kumwinua bibi,” alimalizia, “nikawafukuza watu waliokuwa wanamwinua. Kosa hilo halikuwa kwenye kiwiko.”

Mwanasosholojia alianza kupiga makofi, akaacha alipomtazama mwenyekiti. Dakta Mghanga alikuwa amevua miwani.

“Mama yangu yuko Nzega,” alisema polepole. “Nilimnunulia mashine ya kiwandani ya namna hii. Ile iliyo bora kabisa.”

“Inaharibika?” aliuliza muuguzi.

“Miezi minane sasa,” alijibu Dakta Mghanga, akitafuta simu mfukoni. “Haijaharibika hata mara moja.”

Akaomba radhi, akatoka nje kumpigia.